Kompyuta ya mizani imepaniki ikiwa inawaka, maandishi yanapita mbio. Tunayanasaje?

Mvuvi wa Data (#1)

Wakuu, mwangaluka. Niko Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo wa samaki. Kuna kompyuta ya mezani, ya siku nyingi, kwenye ofisi ya mnunuzi wa samaki. Imeunganishwa na mizani ya kidijitali kwa ule waya wa plagi ya pini tisa. Sangara akiwekwa juu ya mizani, kilo zinaingia zenyewe kwenye programu na risiti inatoka. Ndani kuna Ubuntu, si Windows.

Usiku ilikuwa inasimika apdeti, umeme ukakatika. UPS iliyopo ni pambo la chini ya meza. Asubuhi ukiwasha, nembo ya BIOS inatokea, kisha maandishi meupe yanakimbia kwenye kioo cheusi, halafu kila kitu kinaganda. Kibodi ni ya zamani, ile ya plagi ya zambarau, na taa zake za Caps Lock na Scroll Lock zinapepesa. Mstari wa mwisho ni huu:

`---[ end Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0) ]---`

Fundi kaitwa, kaangalia, kasema diski imekufa, itafutwe SSD mpya apige Windows. Sasa humo ndani kuna madeni ya mitumbwi: nani kakopa mafuta, nani bado analipia wavu. Nakala iliyopo kwenye flashi ni ya kitambo. Sitaki mtu aguse hiyo diski kabla sijajua kama imekufa kweli.

Kinachoniuma ni kwamba sababu imeandikwa huko juu, kabla ya mistari iliyobaki kwenye kioo. Kioo kinabeba mistari 25 tu na karibu yote ni namba za ajabu. Shift+PageUp haipandishi kitu. Kwenye diski hakuna logi ya kusoma maana diski yenyewe haijafunguliwa. Nayapataje maandishi yote, kuanzia mstari wa kwanza?

---

Kasi Mpya (#2)

Piga Windows mkuu, maisha yasonge. Linux ni ya watu wasio na haraka.

---

Mama Sato (#3)

> Piga Windows mkuu, maisha yasonge

Halafu mimi nikija kudai kilo zangu utaniambia zimesonga na maisha? Mwacheni kijana apate jibu.

---

Waya Tatu (#4)

Mvuvi wa Data, ulichofanya kuwazuia ndicho sahihi. Diski isiguswe.

Huo mstari wa mwisho unawaponza mafundi wengi. Unasema kerneli, yaani kiini cha Linux, imeshindwa kufungua mfumo mkuu wa mafaili, basi. Kwa nini imeshindwa, haujasema. Angalia namba kwenye mabano. (0,0) ina maana kerneli haijui hata ni kifaa gani inatakiwa ikifungue. Ingekuwa (8,1) au (8,2), hapo diski ingekuwa imeonekana, maana 8 ni namba ya diski za ukoo wa sd, na shida ingekuwa kwenye patisheni au draiva ya mfumo wa mafaili.

Sasa kwenye Ubuntu draiva ya SATA, ile inayoongea na diski, haikai ndani ya kerneli yenyewe. Inakaa kwenye initramfs, lile faili la `/boot/initrd.img-...` ambalo GRUB, programu ya kuanzisha Linux, inalipakia kwenye RAM pamoja na kerneli. Tena ile `root=UUID=...` unayoiona kwenye GRUB, kerneli peke yake haiielewi. Inaelewa PARTUUID, lakini UUID ya mfumo wa mafaili hutafutwa na skripti zilizomo ndani ya initramfs. Kwa hiyo initramfs ikiharibika, kerneli itakuapia kwamba hakuna diski hata kama umefunga diski mpya ya dukani asubuhi hiyohiyo. Umeme umekatika katikati ya apdeti? Mimi macho yangu yako hapo. Ila sitaki ubahatishe. Tunataka mashine iseme yenyewe.

Anza na ya bure. Washa huku umeshikilia Shift mpaka menyu ya GRUB itokee (mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, unabonyeza Esc). Simama kwenye mstari wa Ubuntu, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, futa `quiet splash`, andika mwishoni:

`ignore_loglevel boot_delay=100`

Kisha Ctrl+X. `boot_delay` inaisimamisha kerneli kwa milisekunde hizo kila inapoandika mstari, kama kerneli yako imejengwa na uwezo huo. Weka simu kwenye kitu kisichotikisika, rekodi video, baadaye usimamishe picha mojamoja. Yote haya ni ya kuwaka mara hiyo moja tu. Ukizima, GRUB inarudi ilivyokuwa, hujaandika chochote kwenye diski.

Shift+PageUp usihangaike nayo. Waliiondoa kwenye kerneli 5.9, mwaka 2020.

---

Nyegezi Laini (#5)

Kwani asichague kerneli ya zamani kwenye Advanced options? Mimi huwa inaniokoa kila mara.

---

Mvuvi wa Data (#6)

Ipo moja tu. Patisheni ya /boot ni ndogo, aliyekuwepo kabla yangu alizifuta nyingine kupata nafasi.

Nimejaribu video. Simu inashika mistari mingi, ila kioo chenyewe ni cha zamani, herufi zinaacha kivuli na mistari miwili inapandana. Nimeona neno "Initramfs" likipita, mbele yake sisomi.

---

Seva Baridi (#7)

Washa kdump tu. Kerneli ikianguka inaacha picha nzima ya memori, unaisoma kwa utulivu. Au netconsole, maandishi yanakuja kwa mtandao kwenye kompyuta nyingine.

---

Waya Tatu (#8)

> Washa kdump tu

Seva Baridi, hizo ni zana nzuri mahali pake. kdump inaihifadhi kerneli ya pili kwenye kipande cha RAM ulichotenga kwa `crashkernel=`, na kerneli hiyo ya pili hupakiwa na programu baada ya mfumo kuwaka. Mashine ya huyu haifiki huko, hakuna wa kuipakia.

netconsole nayo inatuma kila mstari kwa UDP, kwa kawaida kutoka poti 6665 kwenda 6666, na upande wa pili unapokea kwa `nc -u -l 6666`. Kwa seva iliyo chumba kingine ni raha. Lakini inahitaji draiva ya kadi ya mtandao, tena ya waya, mambo ya Wi-Fi sahau. Na kwenye Ubuntu draiva hiyo inakaa wapi? Kwenye initramfs ileile tunayoishuku. Ukitegemea netconsole hapa utakesha unaangalia kioo kitupu.

Ndiyo maana huwa nauliza kwanza mashine imefia hatua gani. Ikifia baada ya diski kufunguliwa, `journalctl -b -1 -k` inakutosha, mradi folda ya `/var/log/journal` ipo. Ikiwa ni UEFI na draiva ya pstore ilishapakiwa, kipande cha mwisho cha maandishi kinaweza kuwa kimefichwa kwenye memori ya ubao mama. Mashine ikiwaka tena angalia `/sys/fs/pstore` au `/var/lib/systemd/pstore`. Ikifia mapema kama hii, kwenye BIOS ya zamani, kinachobaki ni poti ya siriali.

Na Mvuvi wa Data anayo! Mizani inaongea na kompyuta kwa poti gani?

---

Mvuvi wa Data (#9)

Dah. Poti iko nyuma ya mashine, imekaa mbele ya macho yangu muda wote. Na ninayo laptop yenye ule waya wa USB wa kujaribia mizani. Kwa hiyo nachomoa waya kwenye mizani nauchomeka kwenye laptop, basi?

---

Waya Tatu (#10)

Taratibu. Waya wa mizani haufai moja kwa moja mpaka uupime.

Kwenye plagi ya pini tisa ya kompyuta, pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ardhi. Kompyuta mbili zikiongea zenyewe kwa zenyewe, ya huku ikituma lazima ya kule ipokee, kwa hiyo 2 iende 3, 3 iende 2, na 5 iende 5. Mizani nyingi zimeshapanga pini kwa namna yake, hivyo waya wake unaweza kuwa umenyooka. Chukua mita, iweke kwenye mlio, gusa pini ya 2 upande huu na ya 2 upande ule. Ikilia, waya umenyooka na hautatoa herufi hata moja kati ya kompyuta na laptop.

Jambo la pili: angalia hicho kiunganishi chako cha USB ni cha aina gani. Kama kina plagi ya pini tisa, ni cha RS-232, sawa. Kama ni kile kidogo chenye vijiwaya vinne vya rangi, hicho ni cha TTL, volti 3.3 au 5. RS-232 inapanda na kushuka mpaka volti 12 juu na chini ya sifuri. Ukikiunga hapo unakikaanga, labda upitishe kwenye kisakiti cha MAX3232.

Jambo la tatu, mizani ichomolewe kabisa wakati wa jaribio. Kerneli itamwaga maandishi yake kwenye poti hiyo na mizani haijui la kuyafanyia.

---

Mvuvi wa Data (#11)

Kiunganishi ni cha pini tisa. Waya umenyooka, mita imelia 2 kwa 2, 3 kwa 3. Halafu kuna la kuchekesha: upande uliokuwa kwenye mizani ni dume, na kiunganishi cha USB nacho ni dume. Haviingiliani hata kwa maombi.

---

Spea za Redio (#12)

Nunua plagi jike mbili za pini tisa, zile za kuchomea, maduka ya spea mjini yanazo. Waya chukua kipande cha kebo ya mtandao iliyokatika, toa nyuzi tatu. Ukichomea pini ya 5 hesabu vizuri, ukiiangalia jike kwa mbele namba zinaanzia kulia, na nyuma kwenye kuchomea zinageuka. Namba zimeandikwa kwenye plastiki, vidogo sana, mulika na tochi ya simu.

Kabla ya kwenda kwenye mashine, jaribu kiunganishi peke yake: gusanisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, fungua programu, andika kitu. Ulichoandika kikirudi kwenye kioo, kiunganishi ni kizima.

---

Waya Tatu (#13)

Spea za Redio kamaliza. Upande wa laptop, kama ni Windows tumia PuTTY: chagua Serial, namba ya COM iangalie kwenye Device Manager, kasi 115200, na kabla hujafungua nenda kwenye Logging uchague faili la kuhifadhia kila kinachoingia. Kama ni Linux:

`sudo screen -L /dev/ttyUSB0 115200`

Itakuandikia faili liitwalo `screenlog.0`.

Upande wa mashine mbovu, GRUB, `e`, kwenye ule mstari wa `linux`:

`console=tty0 console=ttyS0,115200n8 ignore_loglevel`

Toa ile `boot_delay`, haina kazi tena. Zikiwa console mbili, maandishi ya kerneli yanakwenda kote, lakini ya mwisho kuandikwa ndiyo inayopewa na programu za baadaye, kwa hiyo ttyS0 ikae mwisho. Draiva ya siriali kwenye Ubuntu imo ndani ya kerneli yenyewe, haisubiri initramfs, na ndiyo siri ya njia hii. Ingekuwa inakufa mapema zaidi, hata mstari wa kwanza hauonekani, ungeongeza `earlyprintk=serial,ttyS0,115200`.

Tafadhali sana, hiyo `console=ttyS0` usije ukaiacha ya kudumu kwenye `/etc/default/grub`. systemd ikiiona inafungua kisanduku cha kuingilia kwenye poti hiyohiyo, kinaanza kugombania herufi na programu yenu ya kilo. Nimeona ofisi mizani inasoma kilo nusunusu, watu wanalaumu mizani, kumbe poti ina wasomaji wawili.

---

Nyegezi Laini (#14)

Wakati tunasubiri mrejesho, naomba kuchomekea. Desktop ya Windows hapa hosteli, kila ikiwaka kioo cha bluu INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajizima na kuwaka upya kabla sijasoma vizuri. Ilianza baada ya umeme kukatika wikiendi nzima. Saa nayo imerudi nyuma miaka.

---

Waya Tatu (#15)

Saa imerudi nyuma? Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha. BIOS imesahau mipangilio, na uwezekano mkubwa hali ya SATA (AHCI au RAID, namna mashine inavyoongea na diski) imerudi ya kiwandani. Windows iliyosimikwa kwenye AHCI ikiamshwa kwenye RAID, au kinyume chake, inatoa kosa hilohilo, 0x7B. Badilisha betri, ingia BIOS, rudisha ilivyokuwa. Usipige upya kabla ya kujaribu hilo.

Kuizuia isijizime: ikishindwa kuwaka mara kadhaa inafungua menyu ya ukarabati. Ingia Startup Settings, chagua namba 9, ile ya kuzuia kuwaka upya ikianguka. Kioo kitabaki hapo upige picha. Ukitaka orodha ya draiva zilizopakiwa, chaguo la boot logging linaandika `C:\Windows\ntbtlog.txt`. MEMORY.DMP usiitegemee kwa kosa la aina hii, maana Windows huandika picha hiyo kupitia pagefile, na pagefile iko kwenye diski ambayo haijafunguka.

---

Seva Baridi (#16)

Na kioo cha bluu kisidharauliwe. Tarehe 19 Julai 2024, faili la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zinazokadiriwa milioni 8.5 duniani, wengi walijua pa kuanzia kwa sababu jina `csagent.sys` lilikuwa limeandikwa pale chini. Wakaingia Safe Mode, wakafuta mafaili ya `C-00000291*.sys`, kazi ikaendelea. Waliokimbilia kufomati walipoteza siku bure.

Swali kwako Waya Tatu: nimesikia Linux nayo sasa ikipaniki inatoa QR.

---

Waya Tatu (#17)

Ndiyo. Kioo cha kupaniki kilianza na kerneli 6.10, na QR ikaja 6.12, vyote 2024. Unaiskani kwa simu, unapata maandishi. Inategemea draiva ya kioo inayokubali jambo hilo na kerneli iliyojengwa nalo. Mashine iliyokwama kwenye herufi za VGA kama ya Kirumba haifaidiki.

---

Mvuvi wa Data (#18)

Wakuu, waya umechomewa, mita inalia 2 kwa 3 kama ilivyoagizwa. Laptop ikaanza kupokea, lakini ni takataka tupu, maboksi na alama za kuuliza.

---

Spea za Redio (#19)

Kasi hazifanani. PuTTY inakuja na 9600, na mizani nyingi nazo ni 9600. Weka 115200.

---

Mvuvi wa Data (#20)

MREJESHO.

Ilikuwa kasi kweli. Nimebadilisha, nimewasha upya, na maandishi yamemiminika yote tangu `Linux version` mpaka kuganda. Faili limekaa kwenye laptop, nalisoma nikiwa nimeketi. Natupia sehemu muhimu, namba za sekunde nimezitoa:

```
Trying to unpack rootfs image as initramfs...
Initramfs unpacking failed: ZSTD-compressed data is corrupt
```

Kisha mistari mingi ya kawaida tu, USB, kibodi, saa. Halafu chini kabisa:

```
VFS: Cannot open root device "UUID=..." or unknown-block(0,0): error -6
Please append a correct "root=" boot option; here are the available partitions:
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Orodha ya patisheni ni tupu kabisa. Nadhani fundi aliona huo utupu akasema diski imekufa.

---

Waya Tatu (#21)

Hapo mashine imejisemea. Initramfs imeharibika, draiva ya SATA haikupatikana, orodha ikawa tupu, kerneli ikapaniki. Kosa la kwanza ndilo kosa, yaliyofuata yote ni matokeo yake. Kwa wanaopata maanguko mawili matatu mfululizo, kuna parameta ya `pause_on_oops=` inayosimamisha mashine kwa sekunde unazotaja baada ya anguko la kwanza, lisifunikwe na yanayofuata.

Washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusimika. Kabla ya ukarabati wowote fungua diski kwa kusoma tu (`mount -o ro`), nakili folda ya madeni kwenye flashi nyingine. Kisha pima afya: `sudo smartctl -a /dev/sda`, angalia `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Zikiwa sifuri pumua. Itoe patisheni kwa `umount`, pitisha `fsck`, ndipo:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot
for d in dev proc sys; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
df -h /boot
dpkg --configure -a
update-initramfs -u -k all
```

Namba za patisheni zihakikishe kwa `lsblk`, zako zinaweza kuwa tofauti. Kama `df` inaonyesha /boot imejaa, simama hapo kwanza utafute nafasi, la sivyo utaunda faili jingine bovu. Ukimaliza, pitisha `lsinitramfs` kwenye faili jipya. Ikiliorodhesha mpaka mwisho bila kulalamika, zima, washa.

---

Kisiwani Umeme wa Jua (#22)

Niko Nansio, Ukerewe. Nina Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inayosoma joto la chumba cha barafu. Haina poti ya pini tisa na kioo hakuna. Ikigoma kuwaka naisikilizaje?

---

Waya Tatu (#23)

Kwako kile kiunganishi kidogo cha TTL ndicho chenyewe, ila kiwe cha volti 3.3, cha 5 kitaiua Pi. Kwenye safu ya pini 40, pini ya 6 ni ardhi, ya 8 inatuma, ya 10 inapokea. Pini ya 8 iende kwenye RX ya kiunganishi, ya 10 kwenye TX. Waya mwekundu wa umeme usiuunge. Toa kadi, ichomeke kwenye laptop, kwenye `config.txt` ongeza `enable_uart=1`. Ukiongeza na `uart_2ndstage=1` utapata hata maneno ya kabla ya kerneli.

Kabla ya hayo yote hesabu taa ya kijani. Ikipepesa mara 4 kwa mpigo, faili la `start.elf` halijaonekana. Mara 7, kerneli yenyewe haipo. Kwa Pi inayozimika ovyo betri ya sola ikiisha, kadi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

---

Kisiwani Umeme wa Jua (#24)

Inapepesa mara 7. Naifuata kadi.

---

Mvuvi wa Data (#25)

Imewaka! Madeni yote yapo, hata ya yule aliyekuwa anaomba yapotee. SMART sifuri kote mbili, diski ni nzima. /boot ilikuwa na nafasi, kwa hiyo ni umeme tu. Mizani nimeirudisha na waya wake wa zamani, kilo zinaingia vizuri, `console=` haimo tena kwenye GRUB.

---

Mama Sato (#26)

Hongera. Sasa nitumie salio langu.

---

Nyegezi Laini (#27)

Betri mpya imeingia, BIOS ilikuwa imerudi RAID, nimeweka AHCI, Windows imefunguka. Mvuvi wa Data, huo waya wa pini tisa ukiuweka pembeni naomba kuja kuupiga picha. Darasani tunasimulia tu hizi siriali, hakuna aliyewahi kuchomea.

---

Mvuvi wa Data (#28)

Karibu, ila njoo baada ya saa nne. Asubuhi mapema mwalo ni kelele tupu na meza imejaa maji ya samaki. Na kama una VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, anza kujifunzia hapohapo hosteli: kwenye mipangilio ya Serial Ports elekeza poti ya kwanza kwenye faili, weka `console=ttyS0` kwenye GRUB ya mashine ya ndani, kisha haribu faili la initrd kwa makusudi. Nimeijaribu jana na inatoa mistari ileile.